Mazoezi ya Vipindi au ya Mwendo Mmoja: Yapi Yanaufaa Moyo?

Mwaka 2007, watafiti wa Trondheim, Norwei, walichapisha matokeo ya wagonjwa 27 wenye moyo uliodhoofika. Waliotembea kwa kasi vipindi vinne vya dakika nne nne, wakipunguza mwendo katikati, waliongeza uwezo wa kutumia oksijeni kwa asilimia 46 katika wiki 12. Wa mwendo mmoja wa wastani, asilimia 14.

Hata hivyo, utafiti wa wagonjwa 261 wa Ulaya, uliochapishwa mwaka 2017, haukuthibitisha tofauti hiyo. Basi mgonjwa asilazimishwe kukimbia. Atembee kwa mwendo anaoweza kuudumisha, azidishe kasi baada ya kupimwa na daktari. Na akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimame mara moja na kutafuta msaada.