Maporomoko ya Sanje na Bwawa Lake

Sisi tukaao Lutindi, juu ya milima ya Usambara katika wilaya ya Korogwe, tumezoea sauti ya maji yatelemkayo. Apandaye kwenda Lushoto huyaona maporomoko ya Soni karibu na barabara. Na huko Hale nguvu ya mto Pangani ilitiwa kazini katika kituo cha umeme kilichofunguliwa mwaka 1964. Lakini leo nataka kuwapeleka mbali zaidi, mpaka Sanje katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mahali ambapo mgeni aweza kuoga chini ya maporomoko. Nisikilizeni sana, hasa ninyi wanafunzi, maana bwawa la namna hii hupendeza macho, na aingiaye bila kulijua huenda asitoke.

Atokaye Korogwe hupita Chalinze, Morogoro na Mikumi, kisha huiacha barabara kuu na kushika njia ya kusini iendayo Ifakara. Akiisha kuvuka mto Ruaha Mkuu karibu na Kidatu, huona mashamba ya miwa upande wa kushoto na mlima wenye msitu upande wa kulia. Mbele kidogo ni Mang'ula, yalipo makao ya hifadhi. Hifadhi hiyo iliwekwa mwaka 1992, na eneo lake ni kilometa za mraba 1,990. Mgeni hulipa kiingilio, hupewa kiongozi, ndipo hupanda kwa miguu chini ya miti mikubwa. Kwenda na kurudi huchukua kama nusu ya siku.

Njiani huenda akawaona mbega wekundu wa Udzungwa, ambao hawapatikani penginepo duniani. Yuko na nyani mmoja aitwaye kwa jina la Sanje yenyewe. Wataalamu walimtambua mwaka 1979, ingawa wenyeji walikuwa wakimjua tangu zamani.

Maporomoko yenyewe yana urefu wa mita 170 hivi, yaani zaidi ya futi 550. Fikirini minazi mirefu minane iliyosimama mmoja juu ya mwenzake. Maji hayaanguki kwa mruko mmoja, bali hushuka kwa ngazi, na chini ya ngazi yako mabwawa ya kuogea. Ukisimama juu waliona bonde la Kilombero limetandazwa kama mkeka.

Sasa, maji haya yatoka wapi, hata mvua ikiwa imekoma? Udzungwa na Usambara yetu ni milima ya safu moja, ianziayo Taita katika nchi ya Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguru na Uluguru. Upepo wa Bahari ya Hindi huja na unyevu, hugonga milima hii, hupanda, hupoa, na unyevu huwa mvua. Mvua ikianguka, msitu huipokea. Jaribuni nyumbani: mwageni kata moja ya maji juu ya bati, na kata nyingine juu ya rundo la majani yaliyooza. Yale ya kwanza hukimbia mara moja; yale ya pili hudondoka polepole. Msitu ndio rundo lile. Ukifyekwa, mlima huwa kama bati: wakati wa masika gharika yenye udongo, na wakati wa kiangazi kijito kikavu.

Na bwawa lilifanyikaje? Maji yaangukayo pamoja na mawe huuchimba mwamba miaka mingi, hata pakawa na kilindi. Kwa hiyo ukingoni maji yaweza kufika magotini, na hatua mbili mbele yakakupita kichwa. Pale yanapoangukia, maji huvuta chini, na povu limejaa hewa, halimchukui mtu vema kama maji yaliyotulia. Hata mwogeleaji hodari hushindwa hapo.

Miaka mingi iliyopita niliwachukua wanafunzi wangu kwenye kijito kimoja katika milima yetu. Kijana mmoja, aliyewashinda wenzake wote kwa kuogelea, alijitupa kwa kichwa kutoka juu ya jiwe. Alitokea paji la uso likivuja damu, maana chini palikuwa na jiwe lisiloonekana. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini shingo ingaliweza kuvunjika. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikupima kina kabla ya kuwaruhusu.

Basi, tangu siku ile huwafundisha haya. Kwanza, mwulize kiongozi au mwenyeji pa kuingilia, na kina kipimwe kwa fimbo ndefu. Pili, ingia kwa miguu, polepole, usijitupe kamwe. Maji ya mlimani ni baridi na huweza kukaza misuli ghafula. Tatu, kaa mbali na mahali maji yanapoangukia. Nne, mwamba wenye ukoga huteleza kama sabuni, usiupande. Tano, tazama juu mlimani. Mvua ikinyesha kileleni, mafuriko huweza kufika huku wewe unaota jua. Maji yakianza kuongezeka au kugeuka rangi ya udongo, toka upesi, usingoje kukusanya nguo. Sita, mwenzako akizama, mrushie kamba au mnyoshee tawi. Ukimfuata majini, huenda mkazama wote wawili.

Tena, msidhani kwamba maji haya ni safi po pote yafikapo. Konokono wachukuao kichocho hawapendi maji ya kasi, lakini hukaa vema katika maji yaliyotulia bondeni. Na maji ya kunywa yachemsheni, hata kama yang'aa kama kioo.

Mwisho, msiogee kwa sabuni bwawani wala msiache takataka. Chini ya Sanje wako watu watumiao maji hayo hayo kwa kunywa, kupika na kumwagilia mashamba, kama walivyo ndugu zetu wakaao chini ya Lutindi. Mtu wa mlimani huyapata maji kwanza. Yampasa kumkumbuka atakayeyateka baada yake.