VITABU VYA MWAKA ULIOPITA NA NIA YETU YA MWAKA MPYA



Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo, wanafunzi wapenzi na wazazi wetu watukufu, kila mwaka gazeti letu huuliza ni vitabu gani vilivyopendwa zaidi mwaka uliopita, na tunakusudia kusoma nini mwaka unaokuja. Mimi ndiye niliyekabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu pamoja na daftari la kuazimia, kwa hiyo nimeombwa nijibu. Kabla ya kujibu, yanibidi nikiri jambo moja.

SWALI LILILONINYAMAZISHA

Mwaka juzi, siku ya kurudisha vitabu, nilimkemea mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu. Alikuwa ameazima kitabu kwa miezi minne, na alipokirudisha, kipande cha karatasi alichokiweka kuwa alama kilikuwa bado ukurasa wa tisa. Nilimwambia maneno mengi juu ya uvivu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, "Na wewe Maalim, mwaka huu umemaliza kitabu gani?"

Nilinyamaza. Mwanzoni mwa mwaka huo nilikuwa nimeandika orodha ya vitabu ishirini na nne, viwili kila mwezi. Nilivyovimaliza ni vitatu, na katika hivyo vitatu kimoja sikuweza hata kueleza kilisema nini. Alama zangu nazo zilikuwa ukurasa wa tisa, ila hakuna aliyekuwa akizikagua.

Tangu siku ile nimekuwa nikiangalia kwa nini vitabu vyetu vinaishia njiani. Haya ninayoyaandika ni matunda ya swali la yule mtoto.

KUSOMA NI AMRI YA KWANZA

Sote tunajua kwamba wahyi wa kwanza alioteremshiwa Mtume (S.A.W.) katika pango la Hira ulianza kwa amri ya kusoma. Na vitabu vya sira vinasimulia kuwa baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, mateka waliojua kuandika lakini hawakuwa na mali ya kujikomboa, baadhi yao waliachiwa huru kwa kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika. Umma ulikuwa mchanga na maskini, ukahitaji fedha na silaha, na bado elimu ya watoto ilikubaliwa kuwa fidia. Umma wa namna hiyo haupaswi kuwa na watoto ambao alama zao zinalala ukurasa wa tisa.

VITABU VILIVYOTOKA SANA KABATINI

Kwanza, Qurani Takatifu, tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Sheikh alizaliwa Unguja mwaka 1912, akawa kadhi huko, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na akafariki mwaka 1982. Tafsiri yake kamili ilichapishwa mwaka 1969 na Islamic Foundation, Nairobi, na mpaka leo imo katika nyumba nyingi.

Kitabu hiki nakitanguliza kwa sababu ya kisa nilichohadithiwa na mzazi mmoja. Mwanawe alipewa kazi ya kusoma nyumbani maana ya sura fupi, akaanza na Suratul Maa'un. Mama yule amekuwa akiisoma sura hiyo ndani ya sala tangu utoto. Siku ile, akiwa anachambua mchele, alisikia maana yake kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza: kwamba miongoni mwa wanaolaumiwa ni wale wanaomsukuma yatima, wanaoghafilika na sala zao, na wanaowanyima wenzao hata vitu vidogo vya kusaidiana. Asubuhi ya siku hiyohiyo jirani yake alikuwa ameomba mbuzi ya kukunia nazi, naye akajibu kwamba imevunjika, hali ilikuwa nzima mvunguni. Aliniambia, "Maalim, nilihisi kama sura imeteremka jikoni kwangu." Hakumaliza kuchambua ule mchele. Alimpa mtoto mbuzi aipeleke.

Pili, Arbaini ya Imam Nawawi. Imam huyu alizaliwa mwaka 631 Hijria katika mji wa Nawa, kusini mwa Damascus, na akafariki mwaka 676 akiwa bado hajafika umri wa uzee. Wengi hudhani hadithi zilizomo ni arubaini kamili. Ukizihesabu utakuta ni 42. Ni kitabu chembamba, kinaingia katika mkoba wa shule, na kila hadithi ndani yake ni mlango wa jambo kubwa: nia, halali na haramu, haki ya jirani, kuzuia hasira.

Tatu, Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, nacho pia cha Sheikh Farsy. Wanafunzi wakubwa walikigombania, na sababu ni kwamba kinawataja watu wa kwao. Wanamkuta Sayyid Ahmad bin Sumeyt, aliyezaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861, akasafiri Hadhramaut na Istanbul kutafuta elimu, akawa kadhi Unguja. Wanamkuta Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyesomesha Ukutani, Unguja, na akafika mpaka Cape Town. Wanavyuoni hawa wawili walikuwa marafiki, na wote walifariki mwaka mmoja, 1925. Mwanafunzi mmoja aliniambia alikuwa akidhani wanavyuoni wote wakubwa walikuwa Makka, Misri na Baghdad tu, kumbe wengine wamezikwa mwendo wa miguu kutoka kwa bibi yake.

Nne, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kwa watoto wa madarasa ya kati. Kilitoka mwaka 1952. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanaomlipa ubaya kwa wema wake mpaka wakamtosa baharini. Kwa adhabu wakageuzwa manyani, naye akaamrishwa awapige kila usiku, akawa anawapiga na huku moyo unamuuma. Tulikisoma kwa zamu kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri. Mabishano yalikuwa makali: je, ndugu aliyekutosa unamsamehe? Ndugu wawili wa darasa hilo, ambao walikuwa hawasemezani kwa sababu ya baiskeli, siku ya mwisho wa kitabu walirudi nyumbani pamoja. Mimi sikuwaambia neno.

Tano, kwa wazazi na wanafunzi waliokwisha kuwa watu wazima, Peponi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitia katika Kiswahili mwaka 2022. Inamhusu Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, aliyechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Si kitabu cha watoto wadogo, na mzazi akisome kwanza. Lakini atakayekisoma atafikiri upya juu ya madeni, juu ya amana ya kulea, na juu ya mtoto wa mwenzio aliye nyumbani kwako.

KWA NINI VITABU VINAISHIA NJIANI

Nimewauliza wengi, na majibu yanakusanyika katika manne.

1. Nia kubwa kuliko nguvu. Tunaandika orodha ndefu siku ya kwanza, tunachelewa wiki ya pili, tunaona haya, tunaacha kabisa.

2. Kutokuwa na wakati maalumu. Anayesema atasoma akipata nafasi, nafasi haiji. Simu huichukua kabla yake.

3. Kuchagua kitabu kisichokuwa cha kiwango chetu. Kijana huazima kitabu kikubwa cha fiqhi ili aonekane, na hali Safinatun Najaa hajaimaliza.

4. Kusoma peke yetu. Asiyekuwa na wa kumweleza alichosoma hukisahau, na anayesahau huona kusoma hakuna faida.

Ukiyatazama vizuri, hakuna hata moja linalotokana na upungufu wa akili. Yote ni ya mpango.

HESABU NDOGO YA MWAKA

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu, hata ikiwa kidogo. Natuchukue kalamu tuone kidogo hicho kinatufikisha wapi.

Mwaka wetu wa Kiislamu, unaoingia kwa mwezi wa Muharram, yaani Mfunguo Nne, una siku 354 au 355. Hizo ni wiki 50 na siku chache.

Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Ukisoma kurasa mbili tu kila siku, moja baada ya Alfajiri na moja baada ya Magharibi, utakhitimu kwa siku 302. Zinabaki zaidi ya siku 50 za akiba, kwa ajili ya maradhi, safari na mitihani. Na katika Ramadhani, anayetaka kukhitimu ndani ya mwezi asome kurasa nne kila baada ya sala ya faradhi. Sala tano ni kurasa 20, nayo ni takriban juzuu moja kwa siku.

Hadithi za Arbaini ni 42. Ukihifadhi moja kila wiki pamoja na maana yake, utamaliza kwa wiki 42, na zinabaki wiki nane za kurudia.

Kitabu cha hadithi au historia chenye kurasa 100, ukisoma kurasa tano kwa siku, kinakwisha kwa siku 20. Ukijiwekea kimoja kwa kila miezi mitatu, ni vinne kwa mwaka, na nafasi ya kupumua unayo.

Kwa hiyo mtoto wa kawaida, asiyekuwa na kipaji cha ajabu, mwisho wa mwaka anaweza kuwa na khitma moja, hadithi 42 kifuani na vitabu vinne alivyovielewa. Mimi na orodha yangu ya ishirini na nne sikufika huko.

NAMNA YA KUWEKA NIA

Andika nia yako katika daftari, usiiweke kichwani tu. Chagua vitu vitatu, visizidi. Funga kila kimoja na wakati ambao tayari upo katika siku yako, kama vile baada ya sala au kabla ya kulala, usitegemee kukumbuka. Ukikosa siku moja, usijaribu kulipa yote kwa usiku mmoja. Rudi kesho kwa kiwango kilekile, kwa sababu siku za akiba zimewekwa kwa ajili hiyo.

Na ukimaliza kitabu, andika majibu ya maswali matatu: Kimesema nini? Nimeelewa nini ambacho sikukijua? Nitafanya nini? Swali la tatu ndilo kubwa. Yule mama alisoma sura ya aya saba tu, tena kwa sikio, lakini mbuzi ya kukunia nazi ilitoka mvunguni. Mwengine anaweza kumaliza rafu nzima na mvungu wake ukabaki vilevile.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu, msingoje mpaka mpate fedha za vitabu vingi. Msahafu na kitabu kimoja vinatosha kuanzia, na kabati la madrasa liko wazi. Mzazi asiyejua kusoma asione haya: amwambie mtoto amsomee. Mtoto anayemsomea mama yake husoma kwa makini zaidi kuliko anayenisomea mimi. Na mzazi anayejua kusoma naye aonekane akisoma. Watoto wanatuangalia, na siku moja watatuuliza lile swali nililoulizwa mimi.

MWISHO

Mwaka uliopita niliandika vitu vitatu tu. Msahafu nilikhitimu. Hadithi za Arbaini nilifika ya 37, kwa kuwa niliugua mwezi mzima, na tano zilizobaki nimeziingiza mwaka huu. Vitabu nilivyomaliza ni vinne, na vyote naweza kukuelezea.

Siku ya kurudisha vitabu, yule mwanafunzi, ambaye sasa yuko darasa la tano, alikuja na Adili na Nduguze. Niliangalia ile karatasi ya alama, haikuwemo. Alinitazama, nikajua anangojea zamu yangu. Safari hii nilimjibu kabla hajauliza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atupe elimu yenye manufaa, atuwezeshe kuitumia, na awarehemu walimu wetu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi Tawfiq.
Mwalimu wa Kabati la Vitabu