Je, Nyota ya Surat At-Tariq Imerekodiwa Sauti?



Tulipofika Surat At-Tariq, sura ya 86, mwanafunzi mmoja alituuliza: "Ustadhi, ni kweli wanasayansi wamerekodi sauti ya ile nyota inayogonga?" Alikuwa amesikiliza mhadhara kwenye simu, na humo mlisikika ko, ko, ko. Tuliahidi kumjibu katika jarida hili.

Habari yenyewe ilianza mwaka 1967 huko Cambridge, Uingereza. Mwanafunzi wa chuo kikuu, Jocelyn Bell, alikuwa akichunguza anga kwa darubini ya redio. Darubini hiyo haikuwa na kioo cha kuchungulia. Ulikuwa ni uwanja mzima wa nguzo na nyaya. Kwenye karatasi za mashine akaona ishara inayojirudia kila sekunde 1.3 hivi. Baadaye ikabainika kuwa inatoka kwenye mabaki ya nyota iliyokufa: kitu kizito kuliko jua letu, lakini upana wake yapata kilometa 20, kama kutoka Iringa mjini hadi Isimila! Kinazunguka kwa kasi na kutoa mawimbi kama mwali wa mnara wa kuongozea meli. Kila mwali unapotupitia, mashine hupata pigo moja. Nyota hizi huitwa pulsa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mawimbi ya redio ni ya jamii moja na mwanga, si sauti. Redio ya nyumbani ndiyo inayoyageuza kuwa sauti. Basi ile ko, ko, ko imetengenezwa na mitambo hapa duniani kutokana na ishara iliyopokelewa. Anayesema ni sauti ya nyota yenyewe amekosea, hata kama nia yake ni njema.

Je, At-Tariq ni pulsa? Wafasiri wa zamani, akiwemo Ibn Kathir, wameeleza kuwa nyota imeitwa hivyo kwa sababu huonekana usiku na kufichika mchana, mfano wa mgeni anayekuja usiku. Maana hiyo inatosha. Kusema kwa yakini kuwa ni pulsa ni kuifunga Qur'ani kwenye nadharia ambayo kesho wenyewe wanaweza kuirekebisha. Wallahu aalam.

Elimu hii haiko Ulaya tu. Ghana iligeuza dishi la zamani la mawasiliano huko Kuntunse kuwa darubini ya redio mwaka 2017. Afrika Kusini ilizindua MeerKAT mwaka 2018, yenye madishi 64 yanayofanya kazi kama moja. Imetoa picha ya katikati ya galaksi yetu, mahali ambapo vumbi huzuia mwanga wa kawaida lakini mawimbi ya redio hupenya. Ukungu kama wetu wa asubuhi hauyazuii pia. Kinachoyasumbua ni simu na vituo vya redio, ndiyo maana madishi hayo yakajengwa nyika ya Karoo, mbali na miji.

Anayetaka kujaribu nyumbani afungue redio ya FM pasipo na stesheni. Katika ule mchakacho, sehemu kidogo inatoka kwenye galaksi yetu.