Mgeni, Rafiki na Siri: Maneno ya Wazazi katika Kuwalinda Watoto Mtandaoni

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno matatu ya Kiswahili, yaani mgeni, rafiki na siri, jinsi yatumiwavyo na wazazi wanapowaonya watoto juu ya hatari za mtandaoni. Mifano yetu ni ya jiji la Arusha na vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, ambako aghalabu bibi husema Kimeru au Kimaasai, mzazi Kiswahili, na mtoto huchanganya Kiswahili na Kiingereza cha simu. Dai letu ni kwamba onyo lililojengwa juu ya jina la mtu humpotosha mtoto. Lililojengwa juu ya tendo humlinda.

Tuanze na mgeni. Neno hili lina maana mbili zisizotengana: mtu usiyemjua, na mtu aliyekujia naye astahili heshima. Mtoto wa Tengeru au Usa River hufunzwa tangu udogoni kumwamkia mgeni "shikamoo", kumpokea mzigo na kumpa kiti. Mzazi huyo huyo asemapo, "Usizungumze na wageni kwenye simu," amemwamuru mtoto aivunje adabu aliyomfunza. Tena mtu amwandikiaye mtoto kila jioni kwa majuma mawili si mgeni tena machoni pake. Wahenga walimhesabia mgeni siku mbili tu. Siku ya tatu hupewa jembe.

Neno rafiki nalo limegeuka. Kwa desturi, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Facebook ilipotolewa kwa Kiswahili mwaka 2009, jina hilo lilipewa mtu ye yote ambaye ombi lake limekubaliwa kwa kubofya mara moja. Hivyo mtoto aulizwapo, "Huyu ni nani?" hujibu kwa kweli yote, "Rafiki yangu," na mzazi hutulia. Wala haitoshi kumwambia ajihadhari na asiowajua. Uchunguzi wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF juu ya Tanzania, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto amekwisha kumjua.

La tatu, siri, ndilo zito zaidi. Mlaghai humwambia mtoto, "Hii iwe siri yetu," naye mtoto amefunzwa kwamba kutoa siri ni utovu wa uaminifu. Lakini hapa lugha ya soko yatusaidia. Mama auzaye ndizi katika soko la Tengeru ajua vema kwamba namba ya siri ya pesa za simu haipewi mtu. Na apatapo ujumbe usemao, "Ile hela itume kwa namba hii," hucheka na kuufuta. Basi anao tayari msingi wa kumfundisha mwanawe kwamba siri ni za namna mbili. Ipo siri ilindayo, kama namba ya siri, au neno la siri ambalo kamusi huliita nywila: hiyo hufichwa. Ipo pia siri ifungayo, ambayo mtu mwingine amemwagiza mtoto amfiche mzazi: hiyo husemwa siku ile ile, wala msemaji hagombezwi.

Kutokana na hayo, yafaa onyo litumie vitenzi. Badala ya kumtaja mgeni, mzazi aseme: "Mtu ye yote, hata awe mjomba au mwalimu, akikuomba picha ya mwili wako, akikuahidi zawadi ili umfichie jambo, akikutisha kwamba atakuaibisha, njoo uniambie." Sentensi hiyo yafasirika kwa bibi bila kupoteza maana, wala haimtaki mzazi ajue programu yo yote kwa jina.

Jambo likiwa limekwisha kutokea, ujumbe usifutwe, kwa maana ni ushahidi. Mzazi aweza kupiga namba 116, ambayo ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au kwenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza picha za ngono za watoto na uonevu wa mtandaoni.

Sisi wanaleksikografia tumejitahidi kutafuta majina ya vyombo: rununu, kishikwambi, nywila. Kazi iliyobaki ni kuwapa wazazi vitenzi vya kuonya.