Kuchomelea plastiki: Si lazima chuma cha moto

FUNDI wa jua kali Meru au Embu hahitaji kufunzwa kuwa plastiki huungwa kwa moto. Tangi la maji likipasuka, anapasha chuma kwenye jiko, anayeyusha ufa na kuuziba kwa kipande kikuukuu. Mkulima anaokoa pesa za tangi jipya, kijana naye anapata riziki.

Shida ni moja. Chuma huunguza juu kabla ndani hakujayeyuka. Kiangazi kikifika tangi linavuja tena, na mteja anarudi akifoka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, wamejaribu njia tofauti. Katikati ya vipande viwili vya plastiki wanaweka grafini, aina ya kaboni iliyotengwa Manchester, Uingereza, mwaka 2004. Kisha wanatumia mawimbi ya redio. Grafini hupitisha umeme, kwa hivyo inapata moto. Plastiki haipitishi, kwa hivyo inayeyuka pale tu ilipogusana nayo. Joto linaanzia ndani ya kiungo.

Hiyo bado ni kazi ya maabara, lakini somo lake ni la bure. Chonga ufa uwe kama V ili joto lifike ndani, pasha pande zote mbili, kandamiza hadi kupoe. Tangi lizibe kwa kipande cha tangi. Mitungi na ndoo nyingi zina namba chini: 2 iungane na 2, 5 na 5. Ukiona 3, hiyo ni PVC; moshi wake una asidi, usiuvute.