Mto Unahitaji Nafasi, Si Taka

Mvua kubwa ikinyesha, maji ya Kaloleni huingia mitaroni na kuelekea mtoni. Mtaro ukiziba, maji hayo hurudi uani na kuingia majumbani. Lakini si kila kizuizi cha maji ni kibaya.

Oktoba 2023, biva waliachiliwa katika eneo la Ealing, London, mojawapo ya sababu ikiwa ni kupunguza mafuriko. Biva ni mnyama wa jamii ya panya anayeishi mitoni Ulaya na Amerika Kaskazini. Hukata miti kwa meno na kujenga bwawa la matawi na tope. Bwawa hilo huvuja. Maji ya mvua hupungua kasi, husambaa kwenye majani, tope hutuama, kisha maji huendelea na safari polepole. Hufaa mahali penye uwanda wazi, pasipo na nyumba.

Nairobi haina biva, lakini ina vinamasi vinavyofanya kazi hiyo. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ambacho hunyonya mvua na kuiachilia kidogo kidogo.

Kizuizi cha taka ni tofauti. Chupa za plastiki, nepi na vifusi hufunga kalivati, na maji hutafuta njia nyingine. Hata bwawa lililojengwa na wahandisi huharibiwa na taka: Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 kwenye Mto Ngong karibu na Kibera, lilijaa tope na magugu maji.

Mto unaweza kupona. Mwaka 2008, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira, sehemu ya Mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe ilianza kusafishwa na kupandwa miti. Leo ni bustani ya Michuki, ambapo watu hupumzika kando ya maji.

Mkazi, unaweza kufanya haya:

- Usitupe taka wala vifusi mtaroni. Kinachotupwa Kaloleni huwazibia majirani walio chini.
- Zibueni mitaro ya ploti kabla ya mvua za Machi na Oktoba, na mwondoe tope mlilochimbua. Likiachwa ukingoni, mvua hulirudisha.
- Usijenge wala kufyeka mafunjo kandokando ya mto. Hiyo ndiyo nafasi ya maji kupumzika.
- Ukiona kalivati imeziba, ripoti mapema kwa ofisi ya wadi yako.