Gari Kuukuu Uani: Mama, Zijue Nyaya Zake

Lipo gari kuukuu uani, chini ya mwembe. Huenda ni Land Rover iliyonunuliwa kwenye mnada, au Morris aliyoiacha babu. Kuku hutaga ndani yake, na watoto hucheza dereva na utingo. Kisha jioni moja baba anasema, "Mama watoto, mwaka huu nalifufua gari hili." Tangu siku hiyo fedha za kakao na mpunga zinaanza kupita njia mpya, ile ya kwa fundi.

Akina mama wengi husema mambo ya gari ni ya baba na fundi wake. Sisi hatukubaliani nao. Gari likiungua uani, linaungua karibu na jiko lako. Betri ikipasuka, huenda mwanao yupo hapo anachungulia. Na gari likila fedha bila kuwaka, ada ya shule ndiyo inayopungua. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema tuzungumze nawe, mama, juu ya umeme wa magari ya zamani. Si mambo magumu.

CHANYA NA HASI

Kila mama aliyewahi kuweka betri za tochi kinyume anaujua msingi wa somo hili. Betri ina pande mbili, chanya na hasi. Kwenye betri ya gari, kichwa cha chanya kina alama ya kujumlisha, na ni kinene kidogo kuliko cha hasi. Kichwa kimoja hupeleka umeme kwenye swichi, taa na stata. Kingine hufungwa kwenye chuma cha gari lenyewe, au kama wasemavyo mafundi, "kwenye bodi". Hivyo gari zima hutumika kama waya mmoja mkubwa wa kurudishia umeme.

Magari ya siku hizi, kama Toyota zinazobeba abiria kati ya Kyela na Tukuyu, hufunga hasi kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya zamani yalifunga chanya kwenye bodi. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

KWA NINI WAINGEREZA WALIFANYA HIVYO?

Kuanzia miaka ya 1930 watengenezaji wa Uingereza, wakifuata kampuni ya Lucas iliyowauzia vifaa vya umeme, walihamia kwenye mtindo wa chanya kwenye bodi. Waliamini kwamba njia hiyo hupunguza kutu kwenye viungo na kusaidia plagi kutoa cheche nzuri. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Aprili 1948, ilikuwa ya mtindo huo. Morris Minor nayo ilikuwa hivyo hivyo. Volkswagen ya Ujerumani ilifunga hasi.

Katika miaka ya 1960 mambo yakabadilika. Zilikuja redio za transista, na baadaye alternata ikachukua nafasi ya dinamo. Vifaa hivi ni vyepesi kuharibika vikiunganishwa kinyume. Waingereza nao wakahamia hasi kwenye bodi, na Land Rover ikafuata mwishoni mwa miaka hiyo.

Kwa hiyo, mama, Land Rover ya 1958 na ya 1970 zinaweza kufanana kama mapacha, lakini umeme wao ukawa kinyume. Isitoshe, gari lililopita mikono mingi huenda liligeuzwa na fundi wa zamani ambaye hakuacha maandishi. Mwaka wa gari peke yake hautoshi. Kabla ya kufunga betri yoyote, fundi na afuate waya uliofungwa kwenye bodi, na apime kwa mita. Kisha aandike kwa rangi karibu na betri: CHANYA BODI au HASI BODI. Maandishi hayo yatamsaidia fundi atakayekuja baada yake.

RANGI ZINAWEZA KUKUDANGANYA

Fundi kijana amezoea kwamba waya mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi. Kwenye magari ya Uingereza rangi zilikuwa na maana nyingine. Kahawia hutoka kwenye betri na una umeme saa zote. Mweupe hupata umeme ufunguo ukiwashwa. Kijani hupitia kwenye fyuzi baada ya ufunguo. Bluu ni wa taa kubwa, na mwekundu ni wa taa ndogo. Mweusi huenda kwenye bodi. Sasa fikiri: kama gari ni la chanya kwenye bodi, waya mweusi ndio chanya! Fundi asiyejua hili anaweza kuunguza kitu kizima ndani ya nukta moja.

Je, inafaa kuligeuza gari liwe la hasi kwenye bodi? Wengi hufanya hivyo ili wafunge redio au alternata ya kisasa, nayo si kazi kubwa. Betri hugeuzwa na vishikio vyake hubadilishwa. Waya mbili ndogo za koili hubadilishana nafasi, na za mita ya umeme pia kama ipo. Dinamo huelekezwa upya kwa kuigusisha umeme wa betri kwa muda mfupi sana kabla injini haijawashwa. Taa hazijali upande, na stata ya zamani huzunguka upande ule ule. Fundi akikwambia kwamba kugeuza umeme kunadai stata mpya na taa mpya, muulize kwa upole ni kwa nini.

MVUA ZA KYELA

Watu husema magari ya ufukweni huliwa na chumvi. Ziwa Nyasa halina chumvi. Adui wetu huku ni unyevu. Mvua za Kyela ni nyingi, hasa Machi hadi Mei, na maji ya mito kama Mbaka na Lufilyo huyafikia magari mahali ambapo hayakutazamiwa.

Mwili wa Land Rover ni wa aluminiamu, kwa sababu chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Lakini fremu yake ya chini ni ya chuma. Metali hizi mbili zikikutana kwenye unyevu, huliwa pale zinapoungana, na umeme hukosa njia ya kurudi. Ndipo taa zinakuwa hafifu kama koroboi inayoishiwa mafuta, na kuwasha taa ya kugeuka kunafanya taa ya nyuma ipepese. Baba hununua betri mpya, kumbe kilichohitajika ni kukwangua kiungo kimoja, kukifunga imara na kukipaka grisi. Mama, kumbuka jambo hili. Kabla betri mpya haijanunuliwa, uliza kama viungo vya bodi vimesafishwa.

Nyaya za kale zilivikwa kitambaa. Kitambaa kikioza, au panya wa ghala la mpunga wakikitafuna, waya hubaki uchi. Kuzibaziba kwa tepu hakutoshi. Zivuliwe zote na kuwekwa mpya. Na fyuzi, ambazo kwenye Land Rover nyingi za zamani zilikuwa mbili tu, zisibadilishwe kwa karatasi ya sigara wala kipande cha waya. Fyuzi hukatika ili gari lisiungue.

PETE, MTOTO NA MOTO

Umeme wa betri ya volti 12 haurushi mtu kama ule wa nyumbani, lakini unaunguza. Pete ikigusa kichwa cha betri na chuma kwa pamoja, hupata moto mara moja na kuunguza kidole vibaya. Hata pete ya ndoa ivuliwe kabla ya kushika betri. Haitavunja agano.

Betri ikichajiwa hutoa hewa inayolipuka. Usiilete karibu na jiko, mshumaa wala sigara, na usiichaji chumbani walalamo watoto. Hata betri ya sola inayowasha taa sebuleni inahitaji mahali penye hewa, mbali na mikono midogo. Maji yake ni tindikali. Yakimwagikia ngozi au macho, osha papo hapo kwa maji mengi safi, kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali.

Betri iliyokufa isivunjwe nyumbani ili kuyeyusha risasi ya vizito vya nyavu. Moshi na vumbi la risasi ni sumu, na huharibu akili za watoto kabla dalili hazijaonekana. Sufuria iliyotumika kwa kazi hiyo isirudi jikoni kamwe.

Tena, msikubali jirani abusti gari la chanya kwenye bodi kwa gari lake la kisasa. Bodi hizo mbili zikigusana, au kishikio cha mwisho kikifungwa kwenye bodi kama ilivyozoeleka, panatokea shoti kubwa. Afadhali betri itolewe ikachajiwe.

KETINI KWANZA

Bwana wetu alizungumza juu ya mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Gari kuukuu ni mnara wa namna hiyo. Mama, usimcheke mumeo wala usimnunie. Pengine gari hilo lilimpeleka mama yake hospitali, au lilibeba mahindi mwaka wa njaa. Keti naye na daftari. Andikeni nyaya, betri, viungo na ujira wa fundi. Kubalianeni kiasi cha kila mwezi ambacho hakitagusa chakula, ada wala sadaka. Kiasi hicho kikiisha, kazi isubiri mavuno.

Na binti yako anayependa kufunguafungua redio, mwache ashike tochi fundi anapofanya kazi. Ufundi wa umeme wa magari hufundishwa katika vyuo vya VETA, na wasichana hupokelewa. Mikono inayojua kusuka nywele nyembamba haitashindwa na waya.

Siku injini itakapowaka, nyote mtafurahi. Kabla ya safari ya kwanza, mwombe Mungu ulinzi, kisha mwulize baba: "Chanya bodi, au hasi bodi?" Akisita, fungueni boneti, mtazame pamoja.